Slafkovský au Wright? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kumbishania kinda wa drafti ya hoki

Ubishi wa mwaka 2022, wa nani kati ya vijana wawili achaguliwe wa kwanza katika drafti, haujaisha. Kila anapochomoza kijana mpya wa miaka 17 mwenye sifa, mashabiki wa hoki ya barafu hurudi kwa wale wawili: Juraj Slafkovský wa Slovakia na Shane Wright wa Kanada. Hapa nimekusanya maswali ninayoulizwa zaidi na wenzangu wanaofuatilia mchezo huu, na nimeyajibu kadiri ninavyoamini. Niseme mapema kwamba mwaka ule mimi nilikuwa upande wa Wright.

Drafti ni nini, na kwa nini kijana hachagui timu yake mwenyewe?

Sisi tuliokulia kwenye kandanda tumezoea kwamba kinda akivuma, klabu hupanga foleni na mwenye fedha ndiye humbeba. NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, haiendi hivyo. Mara moja kwa mwaka timu zote 32 huchagua vijana kwa zamu, raundi saba, na timu iliyokuchagua ndiyo yenye haki ya kuzungumza nawe mkataba. Timu dhaifu hutangulia kuchagua. Ili pasiwe na timu ya kujifungisha makusudi, zamu za juu hupangwa kwa bahati nasibu: iliyoshika mkia ina nafasi kubwa kuliko nyingine, lakini haina uhakika. Anayeingia ni kijana aliyefikisha miaka 18 ifikapo Septemba 15 ya mwaka huo.

Shika hilo la kwamba kijana hachagui. Nitalirudia.

Kwa nini ubishi wa 2022 umekuwa kipimo cha mabishano mengine yote?

Kwa sababu ya mahali ulipotokea. Montreal Canadiens wana makombe 24 ya Stanley, kombe la bingwa wa NHL, mengi kuliko timu nyingine yoyote. Mwaka 2021 walifika fainali wakafungwa na Tampa Bay. Msimu uliofuata waliporomoka hadi mkiani mwa ligi nzima, pointi 55 tu. Mwezi Mei 2022 wakashinda bahati nasibu, na drafti yenyewe ilikuwa imepangwa kufanyika kwao, katika ukumbi wa Bell Centre, Julai 7. Kabla ya hapo, mara ya mwisho wenyeji wa drafti kuwa wa kwanza kuchagua ilikuwa Toronto mwaka 1985.

Kwa hiyo mji mzima ulikuwa na takribani miezi miwili ya kubishana, na safari hii hapakuwa na jibu la wazi kama lilivyokuwepo mwaka 2015, Connor McDavid alipoingia, au mwaka 2023 kwa Connor Bedard. Hata ofisi ya maskauti, watafuta vipaji, ya ligi haikuweza kukata shauri, maana hutoa orodha mbili za wachezaji wasio makipa, moja ya Amerika Kaskazini na nyingine ya kimataifa. Wright aliongoza ya kwanza, Slafkovský akaongoza ya pili. Kila kambi ikawa na karatasi yake ya kupunga hewani.

Wright alikuwa na nini hasa?

Mwaka 2019, akiwa na miaka 15, aliruhusiwa kuingia ligi kubwa ya vijana ya Ontario mwaka mmoja kabla ya umri unaokubalika. Ruhusa hiyo ya pekee hutolewa kwa nadra mno. Kwa timu ya Kingston Frontenacs alimaliza msimu wake wa kwanza na pointi 66 katika mechi 58, mabao 39 ndani yake, akicheza na vijana wa hadi miaka 20. (Kwenye hoki bao ni pointi moja, na pasi iliyozaa bao nayo ni pointi moja.)

Halafu korona ikaja. Msimu wote wa 2020–21 wa ligi ile ulifutwa. Alipata mashindano mafupi tu, ubingwa wa dunia wa vijana chini ya miaka 18 kule Texas, akawa nahodha, akapata pointi 14 katika mechi tano na kuondoka na dhahabu. Msimu wa drafti alifunga 32 na kutoa pasi za mabao 62, jumla pointi 94 katika mechi 63.

Zaidi ya namba, Wright ni senta. Senta huchezea katikati, hugombea paki, kile kisahani cheusi cha mpira mgumu, mwamuzi anapokidondosha, na hurudi nyuma kuwasaidia mabeki. Timu inaweza kuishi bila winga nyota, lakini bila senta haifiki mbali. Hoja hiyo ndiyo iliyoniweka upande wake, na mpaka leo siioni kuwa hoja mbovu.

Je, ile ruhusa ya pekee ni dhamana ya kuwa nyota?

Hapana. John Tavares, Aaron Ekblad na McDavid waliipata, na wote watatu walikuja kuchaguliwa namba moja. Sean Day naye aliipata mwaka 2013, akachaguliwa wa 81 katika drafti ya 2016. Joe Veleno alikuwa wa 30 mwaka 2018. Ruhusa ile inathibitisha kwamba mtoto wa miaka 15 yuko mbele ya wenzake wa miaka 15. Wenzake wanaweza kumfikia.

Slafkovský alikuwa na pointi 10 tu kule Finland. Aliwezaje kupita mbele?

Swali hili ndilo lililotuchosha kuliko yote. Ni kweli: katika ligi kuu ya Finland, akiwa na TPS ya Turku, alicheza mechi 31, akafunga mabao matano na kutoa pasi tano za mabao. Ukiziweka kando ya 94 za Wright, unaona kama utani.

Lakini ligi ya Finland ni ya watu wazima. Beki anayekukaba pale anaweza kuwa na miaka 32, ana mke na watoto, na hoki ndiyo mkate wake. Kijana wa miaka 17 katika ligi hiyo huanza mistari ya chini, yaani vikosi vya mwisho vya washambuliaji wanaoingia kwa zamu, na hupewa dakika chache. Wanaofanya hesabu za hoki wana njia ya kugeuza pointi za ligi moja ziwe na thamani ya nyingine, kwa kuangalia wachezaji waliohama huko nyuma walipata nini, na kila mara pointi ya ligi ya watu wazima ya Ulaya hutoka na uzito mkubwa kuliko ya ligi ya vijana ya Ontario. Hesabu hiyo inasaidia, ila haioni dakika wala haijui kama kijana alipangwa na wenzake wazuri au wabovu. Anayeitumia kama rungu la kumnyamazisha mwenzake anaitumia vibaya. Na hata kwa hesabu hiyo, pointi 10 hazikuwa za namba moja.

Kilichobadilisha mambo ni Beijing.

Olimpiki ilikuwa mechi saba tu. Ni halali kumpima mtu kwa mechi saba?

Februari 2022, akiwa bado na miaka 17, Slafkovský alifunga mabao saba katika mechi saba, akatajwa mchezaji bora wa mashindano, na Slovakia wakapata shaba, medali yao ya kwanza ya hoki katika Olimpiki. Katika mechi ya kugombea shaba waliichapa Sweden 4–0, mawili yakiwa yake.

Waliopinga walisema, na walikuwa sahihi, kwamba wachezaji wa NHL hawakwenda Beijing kwa sababu ya korona, na kwamba mtu yeyote anaweza kuwaka wiki mbili. Waliomtetea walikuwa na jambo ambalo wengi wetu hatukulitazama: barafu ya Beijing ilitengenezwa kwa upana wa Amerika Kaskazini, mita 26 hivi, badala ya mita 30 za viwanja vya zamani vya Ulaya. Nafasi ni finyu na unakabwa upesi. Winga mwenye urefu wa sentimita 193 na kilo zaidi ya 100 alipata mabao yake katika nafasi ileile ambayo angekuja kuikuta Montreal. Kisha Mei, kwenye ubingwa wa dunia ambako baadhi ya wachezaji wa NHL hushiriki, akapata pointi tisa katika mechi nane.

Jibu langu: mechi saba hazitoshi kumhukumu mtu, ila zinatosha kukufanya urudi kutazama upya yale uliyoyaona awali. Mimi sikurudi. Nilishikilia zile pointi 10.

Tofauti ya miezi ya kuzaliwa ina maana?

Kwa hawa wawili, karibu haina: Wright alizaliwa Januari 5, 2004, Slafkovský Machi 30. Kwa wengine ina maana kubwa. Auston Matthews alizaliwa Septemba 17, 1997, siku mbili nyuma ya mstari, kwa hiyo akasubiri mwaka mzima na kuchaguliwa namba moja mwaka 2016 akiwa karibu kutimiza miaka 19. Ukimlinganisha mtu wa namna hiyo na kijana anayetimiza 18 Septemba ileile yeye anapotimiza 19, unalinganisha miili yenye tofauti ya mwaka. Uliza tarehe ya kuzaliwa kabla ya kuuliza idadi ya mabao.

Mbona watu wa Montreal walikuwa na hofu kiasi kile?

Kwa sababu ya 1980. Mwaka huo pia Canadiens walichagua wa kwanza, na drafti ilikuwa hapohapo mjini. Walimchukua Doug Wickenheiser, senta kutoka magharibi aliyetoka kufunga mabao 89 katika msimu mmoja wa ligi ya vijana. Wakamwacha Denis Savard, kijana aliyekulia na kucheza hoki yake ya vijana palepale Montreal. Savard akachukuliwa wa tatu na Chicago, akamaliza maisha yake ya uwanjani na pointi 1,338, na mwaka 2000 akaingia kwenye Jumba la Mashujaa wa hoki.

Wickenheiser alicheza mechi 556 za NHL. Mechi 556! Vijana wengi wanaochaguliwa hawafikishi hata moja. Lakini mjini jina lake liligeuka kuwa la lawama, na kila bao la Savard lilihesabiwa kama deni lake. Alifariki mwaka 1999 kwa saratani, akiwa na miaka 37. Kila ninapoona watu wakimtaja kwa kejeli kama mfano wa kosa, moyo unaniuma. Hakujichagua. Wakubwa waliokaa mezani ndio waliomchagua, na yeye ndiye aliyezomewa.

Usiku wenyewe ulikuwaje?

Wengi ukumbini walitarajia jina la Wright. Likatajwa la Slafkovský, Mslovakia wa kwanza kuchaguliwa namba moja. New Jersey wakafuata na Mslovakia mwingine, beki Šimon Nemec. Arizona wakamchukua Logan Cooley, senta Mmarekani. Wright akaangukia kwa Seattle Kraken, wa nne. Kamera zilimnasa akielekea jukwaani, na namna alivyotazama upande wa meza ya Montreal ikageuzwa hadithi ya kisasi iliyozungumzwa wiki nzima. Kijana wa miaka 18 aliyekuwa amekaa kitini akisikia majina matatu yakipita kabla ya lake, tukamnyima hata haki ya kutazama anakotaka.

Desemba 6 ya mwaka huohuo alifunga bao lake la kwanza la NHL, na aliowafunga ni Montreal.

Basi nani alishinda ubishi?

Slafkovský alianza kwa taabu: mechi 39, pointi 10, halafu jeraha likafunga msimu wake Januari 2023. Neno "garasa" lilikuwa midomoni mwa watu kabla hajatimiza miaka 19. Msimu wa 2023–24 kocha Martin St. Louis alimpanga mstari wa kwanza pamoja na Nick Suzuki na Cole Caufield, akamaliza na mabao 20 na pointi 50. Julai 1, 2024 akasaini mkataba wa miaka minane wenye thamani ya dola milioni 60.8. Mwaka uliofuata akapata pointi 51.

Njia ya Wright ilipinda zaidi, na hapa nawaomba wanaomcheka wasome polepole. Wakati huo kulikuwa na makubaliano kati ya NHL na ligi za vijana za Kanada ambayo kwa kawaida yalimzuia kijana aliyetoka ligi hizo kucheza ligi ya pili ya kulipwa kabla ya umri wa miaka 20: ama akae NHL, ama arudi kwa vijana. Slafkovský, kwa kuwa alitoka Ulaya, hakufungwa na kanuni hiyo. Matokeo yake, katika msimu mmoja Wright alikaa benchi Seattle, akapelekwa kwa muda mfupi Coachella Valley, timu ya Seattle katika ligi hiyo ya pili, akaongoza Kanada kama nahodha kutwaa dhahabu ya dunia ya vijana huko Halifax, akarudi ligi ya Ontario, akauzwa kutoka Kingston kwenda Windsor. Kijana gani angekua vizuri katika vurugu hiyo? Alipopata karibu mwaka mzima mahali pamoja, Coachella Valley, alifunga mabao 22. Kisha 2024–25, msimu wake wa kwanza kamili na Kraken, akapata mabao 19 na pointi 44.

Na wakati sisi tukivutana kuhusu hawa wawili, Cooley, ambaye wachache walimpigia debe kuwa wa kwanza, alimaliza msimu huo na pointi 65 akiwa Utah, ambako wachezaji wa Arizona walihamishiwa. Ukinibana nitoe hukumu kwa yaliyoonekana hadi hapo, nitasema Montreal hawana la kujutia, Seattle nao wamepata senta wa kweli, na wa tatu ndiye aliyetangulia mbio. Hukumu hiyo naitoa kwa penseli.

Ni lini basi naruhusiwa kumwita kijana garasa?

Kwangu, si kabla ya miaka mitano. Wapo kweli walioshindwa kufikia kilichotarajiwa: Alexandre Daigle, namba moja wa 1993, Patrik Štefan wa 1999, Nail Yakupov wa 2012. Lakini hata hao tunawajua leo kwa kuwa miaka imepita. Aliyetoa hukumu mwezi wa tatu alibahatisha.

Nakumbusha pia kwamba huyo kocha St. Louis hakuchaguliwa katika drafti yoyote. Walimwona mfupi. Alistaafu na zaidi ya pointi elfu moja za NHL, na jina lake liko kwenye Jumba la Mashujaa tangu 2018.

Sijawahi kukanyaga barafu. Nina haki ya kubishana?

Unayo. Nairobi kuna kiwanja kidogo cha barafu katika hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, na timu ya hoki ya Kenya, Ice Lions, ilijifunzia humo; mwaka 2018 wakaalikwa Kanada na kucheza mechi wakiwa na nyota wa NHL Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Hata hivyo huhitaji kuvaa viatu vya kutelezea ili uwe na macho.

Mimi nashauri utazame mechi moja nzima ukimfuata kijana mmoja tu, hata paki ikiwa mbali naye. Kwanza tazama kichwa: kabla ya kupokea pasi, amegeuka kuangalia nyuma yake? Anayeangalia kabla hushangazwa mara chache. Kisha hatua zake tatu za kwanza. Mwendo wa juu huonekana vizuri kwenye video fupi, lakini mechi nyingi huamuliwa na nani aliondoka mapema. Kisha, na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, tazama anachofanya sekunde tano baada ya kupoteza paki. Kuna wanaoinua mikono kumlalamikia mwamuzi. Kuna wanaogeuka na kukimbiza. Video za mabao zinazosambazwa hazitakuonyesha sekunde hizo, maana zimeshakatwa.

Ukubwa wa mwili uache mwisho. Mwili mkubwa humfanya kijana atawale watoto wenzake bila kutumia akili, na mwili mdogo humfanya ajifunze akili mapema au aache mchezo.

Kuna mipaka katika kumjadili kijana wa miaka 17?

Ipo. Jadili mchezo wake, takwimu zake, uamuzi wa timu. Familia yake, sura yake, alivyolia au alivyotazama, achana navyo. Wala usimwandikie yeye binafsi baada ya mechi mbaya. Ana simu, anasoma. Kama una hasira na zamu iliyotumika kumchukua, wapo watu wazima wanaolipwa mishahara kwa kazi hiyo. Wa Montreal mwaka ule walikuwa Kent Hughes na Jeff Gorton. Waulize wao.

Kwa nini kila ubishi kuhusu 2022 siku hizi unaishia kwa Lane Hutson?

Hutson ni beki Mmarekani, mfupi kwa kipimo cha nafasi hiyo, mwepesi wa kugeuka kiasi kwamba anayemkaba hubaki akikumbatia hewa. Katika drafti ileile, siku ya pili, Montreal walimchagua wa 62. Kabla yake walikuwa wameshachagua mara tatu: Slafkovský, kisha Filip Mešár wa 26, kisha Owen Beck wa 33. Hata wao, waliomtaka, walimpita mara tatu.

Msimu wa 2024–25 alipata pointi 66, kati yake pasi za mabao 60, akaifikia rekodi ya Larry Murphy ya pasi za mabao kwa beki anayecheza msimu wake wa kwanza, na akatwaa Calder, tuzo ya mchezaji bora mgeni wa ligi. Nimerudi kutafuta katika mabishano yangu yote ya ile miezi miwili ya 2022, kurasa kwa kurasa. Jina lake sikuliandika hata mara moja.